Vijiko Viwili vya Chini

Haya nilisimuliwa na mama mmoja, mwenye mikono ya kisa hiki mwenyewe, wakati wa joto la mwaka jana, tukiwa tumekaa benchi moja kliniki ya macho tukisubiri kuitwa. Foleni ilikuwa haisogei, naye ni mtu wa maneno. Yale ya moyoni mwa mkaza mwanawe alikuja kuyasikia baadaye kwa mkaza mwana mwenyewe, kwa hiyo msiniulize nimeyajuaje.

Mama huyu anaishi na mwanawe wa kiume, fundi rangi, pamoja na mke wa huyo mwana na mabinti wao mapacha. Mke wanamwita Mama Pacha. Kazi yake ni udobi, anafua mashuka ya hospitali. Ni mwanamke msafi mpaka inachosha. Mumewe humtania kwamba sabuni ikimwona inajificha. Ukiweka kikombe chini ugeuke kumjibu mtu, ukirudi kimeshaoshwa na chai yako imemwagwa.

Mama mkwe naye alikuwa na chupa yake. Chupa ya mdomo mpana, kifuniko cha buluu, ndani yake mtindi. Mtindi ule ulikuwa na ukoo. Alipewa na mamake siku alipoolewa, na mamake alipewa na mwingine huko nyuma. Kila akigandisha maziwa hubakisha kidogo chini ya chupa, na hicho kidogo ndicho mbegu ya maziwa yatakayofuata. Kwa hiyo chupa haikupata kuoshwa ikang'aa. Shingoni ilikuwa na ukoko mweupe, na harufu yake, mh, ilikuwa harufu ya kitu kinachoishi.

Mama Pacha hakuipenda. Siku moja, amekorofishana na mama mkwe kwa jambo jingine kabisa, alimwambia mbele ya mumewe, "Hii chupa na uvundo wake, iko siku nitaitupa." Wakapatana, chakula kikapakuliwa, yakaisha. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Linakaa pembeni linasubiri siku yake.

Siku yake ikafika joto lilipokaza. Binti wa mama mkwe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama akafunga safari kwenda kumsaidia kumwogesha kichanga. Mlangoni akaagiza:

"Mtindi msiuache uharibike, kuleni. Lakini, mwanangu, bakisha vijiko viwili vya chini."

"Sawa, Mama."

"Vijiko viwili."

"Mama, utaachwa na gari."

Watoto walikuwa likizo. Paa la nyumba ile ni la bati, na mchana ndani palikuwa kama tanuri. Mapacha walilala matumbo wazi kwenye sakafu ya saruji, wakihamia upande mwingine kila walipolalia palipopata moto. Siku hiyo Mama Pacha hakuwa kazini. Akaona maembe yaliyoiva kupita kiasi yameanza kuita nzi, na ndizi zenye madoa ambazo hakuna aliyezitaka. Akasema atawatengenezea lambalamba.

Alimenya maembe akayakwangua mpaka kokwa zikabaki na ndevu tu. Ndizi akaziponda kwa uma, zitoe utamu ili sukari isihitajike. Pacha mmoja akataka maji yaongezwe, lambalamba ziwe nyingi.

"Ukiongeza maji utalamba jiwe," mamake akamwambia. "Kinacholainisha ni mtindi."

Akamimina mtindi. Akaonja, akaona embe bado linatawala, akaongeza. Akaongeza tena, akikung'uta chupa kwa kiganja. Rangi ikawa kama kiini cha yai. Akajaza vikombe vidogo, akavitia kwenye friza, na vilipoanza kushika akachomeka vijiti, maana ukivichomeka mapema vinalala ubavu. Zilipokwisha kuganda akavichovya vikombe kwenye maji ya uvuguvugu, lambalamba zikachomoka nzima nzima. Mapacha walilamba mpaka viwiko vikadondosha. Baba yao alirudi na rangi nyeupe masikioni, akala ya kwanza amesimama na ya pili amekaa.

"Leo umenioa upya," akamwambia mkewe.

Mama Pacha akacheka. Yake aliiacha kwenye friza, ailambe akimaliza kuosha vyombo.

Basi akaosha. Akaosha bakuli, uma, vikombe, kisu. Alikuwa akiimba. Mkono wa dobi hauulizi. Chochote kinachopita mbele yake kichafu sharti kitoke cheupe. Akaingiza brashi ndani ya chupa, akausugua ule ukoko wa shingoni, akasuuza, akairudia kusuuza, akaipindua kwenye kichanja cha vyombo. Iling'aa hata ukuta wa nyuma ulionekana.

Simu ikalia. Ni mama mkwe.

"Hamjambo huko? Wajukuu zangu wanakula?"

"Wanakula, Mama."

"Na mtindi?"

"Tumeutumia. Joto limezidi."

"Vizuri. Ulibakisha vya chini?"

Simu ilikuwa begani, macho yalikuwa kwenye chupa, na chupa inadondosha tone lake la mwisho.

"Nimebakisha," akasema.

Mama mkwe aliniambia, "Sauti yake ilikuwa kavu. Mimi nikadhani mtandao."

Sasa jamani, angesema kweli nani angemwamini? Maneno ya kuitupa aliyasema mwenyewe, na mume ni shahidi. Ndivyo alivyojipigia hesabu. Kesho yake akanunua yogati ya dukani, ile isiyo na matunda, inayokaa muda mrefu bila kuharibika kwa kuwa imeshachemshwa, akatia kiasi kile kile chini ya chupa na kufunga kifuniko cha buluu. Hakumwambia mumewe. Mapacha akawaambia, "Habari za lambalamba Bibi msimwambie."

"Kwa nini?"

"Atazitaka, na zimekwisha."

Kwa mtoto hiyo ni sababu iliyoshiba. Wakanyamaza.

Haikuwa kweli kwamba zimekwisha. Yake ilibaki. Kuila hakuweza, kuitupa hakuweza, akaisukuma nyuma kabisa kwenye theluji ya friza.

Mama mkwe akarudi, amenenepa kwa furaha ya mjukuu, na bila kupumzika akainjika maziwa. Akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, akatia mbegu kidogo tu, nyingine akaiacha chupani, akaifunika sufuria kwa blanketi lake kuukuu. Alipofunua akakuta maziwa. Siyo mtindi, maziwa. Akasema maziwa ya siku hizi yana maji, akabadilisha muuzaji. Yakagoma tena. Akabadilisha sufuria. Yakachachuka juu, chini yakawa maji. Ndipo akamwita mkaza mwanawe jikoni na kumpa kijiko.

"Hebu onja mbegu hii. Ulimi wangu siuamini tena. Ni ile yetu?"

Mama Pacha akaonja. Ilikuwa laini, ya upoleupole, haina hata chembe ya ule ukali unaokunja jicho moja.

"Ni ile ile, Mama."

Mama mkwe akaweka kijiko mezani. Akaikunjua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua nguo akijua imechanika asione wapi.

"Basi ni mimi," akasema.

Mama Pacha alitaka kusema pale pale. Alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Nikuwekee chai?"

Kutoka siku hiyo yule mama akaiweka mikono mapajani. Sufuria ya maziwa akaitundika. Mapacha walipomletea kitana awasuke, akawarudisha. "Nendeni kwa mama yenu. Mikono yangu imeisha."

"Mama, mikono haiishi kama sabuni," mwanawe akamtania.

Yeye aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, hakucheka. Fundi rangi akamwambia mkewe pembeni, "Mama anazeeka tu, usijali." Neno hilo la usijali lilimchoma kuliko tusi. Mama Pacha akazidi kufua. Alifua mapazia yaliyo safi. Alifua blanketi la maziwa lisilofunika kitu. Na kila alipofungua friza, kile kijiti kilikuwa kimesimama kule nyuma, kimemkodolea.

Asubuhi moja ya mapumziko wote walikuwa nyumbani. Binti mwenye kichanga akapiga simu, na mama mkwe, kwa masikio yake mazito, huiweka sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Mama, rudi kidogo, nimechoka. Kumwogesha naogopa, anateleza."

"Tafuta mtu mwingine. Mimi nitamwangusha."

"Wewe? Si juzi tu ulikuwa ukimgeuza kwa mkono mmoja huku unanisema?"

"Hiyo ilikuwa juzi."

Mama Pacha alikuwa kwenye sinki. Akafunga bomba. Akaenda kwenye friza, akapapasa kule nyuma, akaja na lambalamba kwenye kisahani na kuiweka mbele ya mama mkwe wake. Hakukaa.

"Mama, mbegu niliimaliza mimi. Niliwatengenezea watoto hizi, hii ndiyo iliyobaki. Chupa niliiosha. Uliyoikuta ndani ni ya dukani. Mikono yako haina kasoro."

Simu, iliyokuwa bado hewani, ikasema, "Mama, nikate?"

"Kata."

Mama mkwe akaitazama lambalamba, akamtazama aliyeileta. "Uliitupa, kama ulivyoahidi."

"Hapana. Mkono ulipita tu. Najua huwezi kuniamini."

"Hilo naliamini. Wewe ukiachiwa utaosha hata mvua." Hakutabasamu aliposema. "Chupa ningekusamehe hujamaliza sentensi. Lakini nilikuita jikoni nikakupa kijiko. Uliniona ninavyoitazama hii mikono. Ukaniambia ni ile ile. Kisha ukaniuliza habari za chai."

Samahani ilikuwepo mdomoni mwa Mama Pacha, lakini aliiona ndogo, kama leso unayotaka kutandikia kitanda cha watu wawili.

Mumewe, aliyekuwa mlangoni, akaanza, "Mama, labda tu..." na mamake akamnyooshea kidole bila kumgeukia.

Lambalamba ikaanza kutoka jasho.

"Humu mna nini?" mama mkwe akauliza.

"Embe na ndizi."

"Sukari?"

"Hakuna."

"Mtindi uliuchemsha?"

"Hapana, ulikuwa kama ulivyo."

"Injika maziwa."

"Mama?"

"Maziwa, injika. Kitu kinayeyuka, wewe umesimama kama kigingi."

Maziwa yakachemka, yakawekwa chini yapoe. Mama mkwe akachovya kidole, akangoja, akachovya tena. Mama Pacha akauliza kwa sauti ya chini kama yatakubali.

"Sijui. Sijapata kugandisha maziwa kwa embe. Yakigoma tutayanywa."

Akasema hivyo, lakini aliishika lambalamba kwa kijiti chake juu ya sufuria, asiitumbukize. Aliniambia mwenyewe kwamba wakati ule hakuwa akiifikiria mbegu ya mamake. Alikuwa akijiuliza, na kama yakigoma hata sasa? Akaitumbukiza, akakoroga taratibu kwa kijiti hicho hicho mpaka kikabaki kitupu. Akafunika, akaizungushia sufuria lile blanketi, akaisogeza pembeni mwa chumba.

"Atakayeigusa nitamnyoa kichwa," akawaambia mapacha. Wakashika nywele zao.

Mchana ukawa mrefu. Mama mkwe alimtuma Mama Pacha hiki na kile, lete kiti, funga dirisha, upepo usipige sufuria, lakini neno jingine hakumpa. Joto likapanda likawashinda wote. Mapacha walilala kwanza, kwenye saruji, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule. Fundi rangi akajidai anasoma gazeti, gazeti likamfunika uso. Mama mkwe alijilaza kwenye mkeka karibu na sufuria, mgongo ukiwa upande wake, kama mtu asiyetaka kuonekana anasubiri.

Mama Pacha alikaa sakafuni ameegemea ukuta. Alikuwa ametoka kufua zamu mbili juzi, na macho yalimuuma, lakini hakuyafunga. Jua lilipohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, akapiga magoti, akafunua pembe ya blanketi, akainamisha sufuria kidogo sana.

Hayakumiminika. Yalijisogeza kipande kizima, yakasimama. Yalikuwa na rangi ya njano iliyofifia, na uzi mmoja wa embe juu.

Hakuita mtu. Akachukua kijiko, akatia kwenye chupa kwanza, kabla mtu hajaonja. Kijiko kimoja. Cha pili.

"Umebakisha?" ilitoka kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamefumba.

"Ndiyo Mama. Yameganda."

"Lete."

Akampelekea kwenye ncha ya kijiko. Mama mkwe akaonja bila kuinuka, na jicho moja likajikunja.

"Yana embe," akasema.

"Yana embe, Mama."

"Kesho nitaenda kumwogesha yule mtoto." Akamrudishia kijiko. "Wewe bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Sufuria usiioshe."

Akageuka upande wa pili, mikono yote miwili chini ya shavu, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma.

Mama Pacha akarudi ukutani na kijiko mkononi. Kilikuwa na utando mweupe, umeanza kukauka kwenye kingo. Alikitazama. Sinki lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akakilaza juu ya paja lake kama kilivyo, kichafu, akakishika kisianguke, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo ameketi.