Damu ya Kulinganishia

Shufaa alikuwa mtafiti wa saratani ya matiti katika maabara moja jijini Mbeya. Alisaka jeni ambayo ikiharibika, chembe za titi huzaliana ovyo, ili ipatikane dawa ya kuzipiga hapohapo. Ilipotakiwa damu ya mtu mwenye afya kwa kulinganishia, alitoa yake.

Majibu yalipotoka, aliyasoma mara mbili. Jeni yake ilikuwa na kasoro ileile ya wagonjwa. Alimkumbuka mama yake, aliyefariki kwa ugonjwa huohuo kabla hajazeeka. Halafu akamkumbuka mdogo wake, Saida, aliyekuwa ananyonyesha huko Ipogolo, Iringa. Akampigia simu.

“Saida, hebu jipapase matiti.”

Saida alipenyeza mkono ndani ya gauni. “Kuna kitu kama gololi, dada. Nilidhani ni maziwa yameganda.”

“Njoo kesho. Mtoto mbebe.”

Ilikuwa saratani kweli, ila haijasambaa. Saida alipasuliwa, akaanzishiwa dawa.

Ikafika zamu ya Shufaa kupimwa. Katika chumba cha vipimo alishika kifungo cha kwanza cha blauzi, akashindwa kukifungua. Saida ndiye aliyemfungulia vifungo.