Muti ya Avoka Nyuma ya Jikoni

Miye niko mwanamuke wa wivu. Ninajisemea mwenyewe, mbele batu ya quartier yetu bakuelezee. Mama yangu alikuwaka vile, na dada yangu mukubwa kule Butembo iko vile mupaka leo. Lakini bale balikuwaka na wivu juu ya banamuke. Ya kwangu ilianza na ndege.

Bwana yangu, Paluku, alikuwa chauffeur wa Fuso. Miaka makumi mbili na mbili alibeba maharagi na mbao, Bunia, Iga Barrière, Fataki, kisha kurudi. Nyumbani alilala siku mbili mu juma, na miye nilimupikia kama vile mutu anapikia mugeni. Kisha gari ikapinduka karibu na Nizi, mguu wake wa kuume ukavunjika fasi tatu, na munganga akasema mambo ya kushika volant imeisha. Batu balikuya kunipa pole. Niliitika, lakini ndani ya roho nilifurahi, Mungu anisamehe. Sasa bwana ilikuwa wa kwangu kila siku, mu lupango yangu, nyumba na kiwanja.

Asubuhi saa kumi na mbili tulikaa ku banc nyuma ya nyumba, na chai ya tangawizi, tukiangalia muti yetu ya avoka yenye iko kule ku mupaka. Paluku alinunua kaye ya batoto ba masomo, akaanza kuandika kila ndege yenye ilikuya. Majina yake hakujua, basi alizipatia majina ya barabara. Ile ndogo nyekundu aliita Feu Rouge. Ile kubwa yenye inapitaka juu na kupiga kelele, Klaxon. Ile nyeusi na nyeupe yenye inatembeatembea na kutikisa mukia, Taximan, juu haina pa kwenda lakini iko na haraka.

Wakati wa kiangazi, mavumbi ikijaa ku majani, ni Taximan tu njo alikuya kunywa maji yenye niliosha nayo masahani. Mu mwezi wa kumi zilifika zile zenye mukia ya makasi, zikajipanga ku waya ya courant, na Paluku alisema: « Angalia, bageni ba mbali bameshuka. » Na mu mwezi wa tatu, mvua ikianza, zilikuya zile za manjano zenye zinasukaka nyumba na majani na kuitundika ku matawi. Zile aliita Bafundi. Aliweza kukaa saa mbili anamuangalia Fundi moja anafunga kamba, na miye pembeni ninachambua maharagi. Tuliishi vile miaka mbili. Hata wakati tulikuwa bachumba sikupata utamu kama ule.

Kisha Félicité akakuya.

Alikuwa mujane, alitoka Fataki na alipoteza ng'ombe zake kule, akapanga mu lupango ya nyuma yetu. Murefu, shingo nzuri, meno meupe. Alifika mu mwezi wa saba, siku zilezile fundi alimaliza jikoni yangu mupya, kubwa, ya manjanja, mabati toka chini mupaka juu, yenye nililalamikia mwaka muzima juu ya kuweka magunia yangu ya maharagi. Kitu ya kwanza yenye yule mwanamuke alifanya, aliweka bassin ya maji juu ya kisiki na akamwanga mutama kandokando. Ndege zangu zote zikavuka. Feu Rouge, Taximan, zote. Kunisalimia hata hazikunisalimia.

Juma haikuisha, Paluku naye akatwaa béquille yake ya kutembelea na tabouret ya kukalia, akapita mu tundu ya uzio ya matete yenye ilitutenga na Félicité.

« Unaenda wapi? »

« Kuangalia ndege. »

« Na ndege za huku ziko na kasoro gani? »

« Huku sioni kitu », akasema.

Huku haoni kitu. Na miye nimesimama mbele yake na kikombe cha chai mu mukono!

Ilikuwa vile kila asubuhi. Nilisimama mu jikoni yangu, sikio ku manjanja, nikasikia akicheka. Paluku haichekaka ovyo. Akirudi, mudomo yake ilinuka mashanza, maziwa ya kuganda.

« Ulikunywa nini kule? »

« Alinipatia mashanza kidogo. »

« Chai yangu imegeuka sumu? »

Akaweka kaye yake chini ya kwapa kama vile mutu anaficha barua.

Na kitu yenye iliniumiza zaidi: ule mama hakuingia kwangu hata siku moja. Kwetu mugeni njo anapigaka hodi, anasema miye ni fulani, nimefika. Yeye alinisalimia juu ya matete tu, « Jambo, mama Kanyere », na kitambaa yake nyeusi ku kichwa, na miye nikamujibu nusu ya mudomo. Avoka zenye zilianguka upande wake alizikusanya mu kitunga akanirudishia zote kwa mukono ya Paluku. Hata ile nayo iliniwasha. Nilisema: anajiona, hataki hata avoka yangu, anataka bwana yangu tu.

Kiangazi ikapita, mwezi wa tatu ikafika, Bafundi zikarudi. Sasa Paluku alianza kutoka mbele chai haijachemka. Niliwaza, nikawaza, kisha nikaona njia. Bila muti, Bafundi hazitakuya. Bila Bafundi, Paluku hatakuwa na sababu ya kuvuka. Atakaa ku banc na miye.

Siku moja ya posho, samedi, alienda Iga Barrière kuzika chauffeur mwenzake. Nilimuita Claude, yule anakataka miti na mashini. Claude aliangalia juu, akajikuna kichwa.

« Mama, iko na nyumba za ndege mingi. »

« Zinaninyea ku mihogo yenye ninaanika. »

« Tungoje mwezi moja, batoto batoke. »

« Kata leo, ao niite mwengine. »

Alikata. Muti ilianguka ndani ya lupango yetu, pembeni ya jikoni, na zile nyumba zilitawanyika mu majani. Nyengine zilikuwa na mayai. Nyengine zilikuwa na batoto bila manyoya, midomo wazi. Bazazi balizunguka juu, bakalia, sikupenda kuangalia. Félicité alisimama ku matete, mukono ku mudomo. Niliwaza: umeona sasa? Kisha nikatwaa fagio, nikafagia haraka.

Paluku alirudi jua ikishuka. Alisimama na béquille yake, akaangalia ile fasi wazi mupaka nikaona haya.

« Muti ilikufanya nini? »

Nilimuambia juu ya mihogo. Aliingia ndani, akalala bila kula.

Kesho yake, siku ya Mungu, kisha misa, nilisikia hodi ku mulango ya mbele. Ilikuwa Félicité. Alivaa kitenge mupya ya maua, kichwa bila kitambaa nyeusi, na bidon ya mashanza mu mukono.

« Mama Kanyere, unisamehe kuchelewa », akasema. « Kwa famii yetu, mujane haingiake mu lupango ya batu mbele matanga itoshwe, avue kitambaa nyeusi. Ni mwaka muzima. Balinitoshea leo asubuhi, na weye njo wa kwanza ninasalimia. »

Nilimupatia kiti.

« Nilingoja siku hii juu ya ule muti », akasema tena, polepole. « Muzee alinielezea Bafundi zake kila asubuhi. Nilipenda nizione toka chini, fasi unamwangaka maji weye. »

« Zilikuwa zako », nikasema. « Ulizivuta na mutama. »

« Kwangu zilikunywa maji tu, mama. Kulala zililala kwako. Muzee alikuyaka kwangu juu muti yenu inaonekana muzuri toka kule. Huku jikoni yenu mupya ilifunga njia ya macho. »

Nilienda ku banc, nikakaa fasi ya Paluku, nikainua macho. Manjanja. Manjanja yangu mupya, toka kushoto mupaka kuume.

Félicité akienda, nilitwaa kaye juu ya meza. Paluku aliniona, hakunikataza. Tarehe, saa, Fundi wa kwanza, Fundi wa tatu: « Bibi amekataa nyumba, bwana anaipasua, anaanza upya. » Na chini yake, na maandishi ileile: « Saa kumi na mbili na nusu. Kanyere anatoka ku mulango ya nyuma ya jikoni, anamwanga maji. Bafundi hazimuogope. » Nikageuza. « Kanyere na kitenge ya bleu. Anaimba. » Nikageuza tena. « Kanyere haiko. Labda soko. Bafundi zimetulia sana leo. » Hakuna ukurasa yenye sikuwa ndani.

Kesho yake, siku ya kwanza ya juma, saa kumi na mbili, Paluku hakuvuka. Alikaa ku banc na miye, na chai ya tangawizi, vile nilitakaka. Fundi moja ilikuya na kamba ya jani mu mudomo. Ilizunguka ile fasi ya muti mara tatu, ine, ikatua juu ya manjanja, ikateleza, ikaruka tena.

Paluku alinisogezea kaye na bic.

« Andika weye. »

« Niandike nini? »

« Kile unaona. »

Niliandika tarehe. Kisha nilikaa na bic mu mukono mupaka chai ikapoa.