Alliance na Mstari wa Bidoni

Bibiche alitaka kitu kimoja tu: siku moja mtoto wa jirani asimame mlangoni aulizie Alliance. Si shangazi, si padri. Mtoto! Binti yake alikuwa na miaka saba, na tangu walipokimbia vita Masisi wakapata chumba Ndosho, hakuna mtoto aliyemwulizia. Alliance alikuwa na usonji. Hasemi sana, hatazami mtu usoni, lakini kupanga vitu mstari, hapo utampenda.

Bibiche aliwahi kuwanunulia watoto wa mtaa biskuti ili wacheze naye. Wakala biskuti, wakatimua mbio. Watoto wa Ndosho si wajinga.

Kisha likatokea la kwenye robine, bomba la maji la mtaa. Maji yalikuwa hayajaja, na akina mama walikuwa wameacha bidoni zao, madumu ya kutekea maji, zishike foleni, wenyewe wameketi kivulini wakipiga soga. Alliance akazipanga upya: njano kwa njano, bluu kwa bluu. Maji yalipokuja, kila mtu alidai ndiye wa kwanza! Bibiche aliomba radhi mpaka koo likamkauka, kisha kwa aibu akamfungia mwanawe ndani siku tatu.

Jumamosi, kwenye mkutano wa wazazi parokiani, alimsimulia kisa hicho mwalimu Patricia, aliyeuongoza. Patricia alicheka mpaka akafuta machozi.

“Mama Alliance, unamuvutaka mu michezo ya benzake. Ingia kwanza mu yake. Umupe kitu kimoja, unyamaze, ungoje. Kisha uite mutoto moja tu.”

Nyumbani Bibiche akakusanya bidoni tupu uani, akampa binti yake moja, akangoja. Kwa mwanamke mwenye mdomo kama wake, kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kweli. Siku ya nne Alliance akanyoosha mkono kuomba nyingine, akamtazama. Bibiche almanusura apige vigelegele.

Ndipo akamwita Dorine, binti wa fundi jirani. Dorine akaweka ya bluu katikati ya za njano, kwa uchokozi tu. Alliance akaitoa. Dorine akairudisha. Bibiche akajiuma ulimi. Alliance akaangua kicheko!

Kesho yake asubuhi mlango ukagongwa.

“Mama, Alliance iko?”

Bibiche aliruka, akashika bidoni, akatoka mbio kucheza nao. Alliance akamnyang'anya ile bidoni, akampa Dorine, kisha akamsukuma mama yake taratibu mpaka ndani ya nyumba, akamfungia mlango.