Bahasha Chini ya Godoro

Sefue, fundi simu, jirani wa Nambua na mama yake, anadai mtaalamu mmoja alimweleza kuwa chembe iliyo ndogo kuliko vumbi, ikiwa haijatazamwa, hupita njia mbili kwa mpigo, na ikitazamwa tu hubaki na moja. Anasema simu zinaishi kwa vitu hivyo, na hata ile mashine ya sumaku iliyompiga mama huyo picha ya kichwa. Nambua, aliyeishia darasa la saba, amelishika neno hilo kwa mikono miwili. Bahasha ya majibu, ambayo alitakiwa kumfikishia daktari ndani ya siku tatu, ameilaza chini ya godoro la mama, gundi yake haijaguswa. Isipofunguliwa, mama hajawa mgonjwa.

Mchana wa siku ya kumi na moja anasinzia kitini, amekipa mgongo kitanda alicholala mama, na kiti kinakuwa barabara, na barabara inagawanyika, naye anazipita zote mbili, huku anakwenda na kule anakwenda, mpaka mji wa vioo, na kila kioo kina mama. Huku mama anachambua mchele akimtania Sefue; kule amelala, kanga usoni. Mtu wa koti jeupe, asiye na uso, anatembea kando yake. Dada, kitu gani hukaa vyumba viwili bila kukatika? Chembe, anajibu Nambua. Na kipi hukaa chumba kimoja tu, hata ukifumba macho? Sijui, kaka. Mama yako. Chembe huyaweza hayo ikiwa peke yake, haijaguswa na joto wala hewa wala mwanga. Mama yako anaguswa na vyote, anatoka jasho, anakohoa. Sumaku ilizitikisa chembe za maji kichwani mwake, zikaitika, mwitiko ukawa picha. Bahasha haina mambo mawili, ina moja, ila wewe hulijui. Lakini Sefue alisema. Sefue alisema kweli kuhusu chembe, dada. Mama yako ana kilo hamsini. Na siku nilizongoja? Hizo nazo zimepita njia moja, anasema, na vioo vinazimika kimoja kimoja, vile vya mchele kwanza.

Anaamka kitini, au barabara imejikunja ikawa kiti tena. Bahasha iko mapajani, imechanika ukingoni, na hakumbuki aliichania wapi. Mluzi wa Sefue unasikika, huenda ni nje, huenda ni kule mjini. Chumba kimetulia mno, hata kikohozi cha mama hakisikiki. Mama, amka tuifungue, anasema. Mama, niitikie tu. Anangoja, amekipa kitanda mgongo, hajageuka kutazama.