Mfano wa Nyumbani

Darasa lile la watu wazima lilikuwa na sharti moja: neno gumu halipitwi mpaka mtu alitolee mfano wa nyumbani kwake. Jioni hiyo mwalimu aliwasomea shairi la kale, akasimama kwenye mstari mmoja: "Penye ngeu pana neno, damu haikai kimya."

"Ngeu ni jeraha la kichwani linalovuja damu," alisema. "Nani ana mfano?"

Fundi cherehani aliweka kalamu chini. Mfano alikuwa nao. Alipoosha maiti ya dada yake aliliona jeraha nyuma ya sikio la kushoto, chini ya misuko. Shemeji yake alikuwa amewaambia watu kwamba mkewe aliteleza bafuni, akaangukia uso. Wote wakasadiki. Yeye alinyamaza kwa woga, na woga ule ulimchoma kila siku. Alijiandikisha darasani kwa sababu shemeji alikuwemo. Alitaka siku moja amsikie akisema kweli.

Shemeji huyo, mwenye bucha, alikuwa mjuzi wa kila kitu. Mkono juu!

"Mwalimu, hiyo si ndiyo kazi yangu? Ukimpiga ng'ombe kwa mpini wa shoka hapa," akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto, "hata kelele hapigi. Misuko inainywa damu yote, sakafu inabaki safi."

Watu wakacheka. Fundi akasimama.

"Shemeji, siku hizi ng'ombe wanasukwa?"

Kicheko kikakatika. Mdomo uliponza kichwa. Mwenye bucha akaruka meza, akamkaba shemejiye koo, akambamiza ukutani mara mbili. Kisha akanyakua kiti akampiga nacho, nyuma ya sikio la kushoto vilevile. Mkono ulikuwa umezoea.

Wanafunzi wenzao wawili, mpishi na mchukuzi wa sokoni, wakamvamia mwenye bucha. Walimtwanga ngumi mpaka jino likaruka, wakamlaza kifudifudi, wakamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Alitukana mpaka sauti ikamkauka.

Fundi alikuwa chini, damu ikimshuka shingoni na kulowesha blauzi aliyojishonea. Mwalimu alipiga magoti kando yake, akataka kumfunga kitambaa. Fundi akamzuia mkono.

"Usifunge kwanza, mwalimu. Waache waone. Dada yangu hakuteleza."