Kipande Kisichofumuka

Mama yangu alimkimbia daktari mchana kweupe, mkoba kwapani, kiatu kimoja hakijafungwa, na mimi nyuma yake nikitamani ardhi ipasuke.

Kosa la daktari lilikuwa moja tu: alishika mkasi. Alikuwa akimweleza vizuri jinsi atakavyoirudisha ndani ngiri yake ya kitovu, kisha kuliimarisha lile tundu kwa wavu ili utumbo usichungulie tena. Akafungua droo, akatoa kipande cha mfano, cheupe na chepesi, akasema, "Nakata kiasi cha tundu lako, mama, hivi." Mkasi ukalia kacha. Mama akakodoa macho. Akakitazama kipande, akautazama mkasi, akanitazama mimi kwa jicho la mtu aliyeuzwa na mwanawe mwenyewe, halafu akashuka kitandani bila hata kuaga.

Nilimpata nje ya lango la hospitali.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nina masweta ya watu."

"Umeniaibisha! Daktari bado ameshika mkasi wake pale, hajui hata kakosa nini."

"Hajui? We umeona alichofanya?"

"Amekata kipande cha mfano."

"Amekata kitu cha kufuma!" Watu wawili wakageuka. "Katikati! Mimi nafuma tangu hujazaliwa, mwanangu. Kitu cha kufuma ukikata uzi, kitanzi kinaachia, kinamwachia na mwenzake, mara sweta zima limekuwa rundo la nyuzi. Sasa yeye akikate, anishonee tumboni, halafu siku nikipiga chafya kifumukie humo humo?"

Hapo damu ilinichemka, kwa sababu nyavu zile tunazifuma sisi. Mimi ni fundi wa mashine katika kiwanda kinachozitengeneza, na mtaa mzima nilikuwa nimeutangazia. Mama peke yake ndiye aliyeishia kujua kwamba mwanawe anafuma "vitu vya hospitali", na nadhani siku zote alifikiri ni bandeji. Nilimwambia pale pale barabarani kwamba anaitukana kazi yangu. Akanijibu kwamba hajaitukana, ameikimbia tu.

Ningecheka kama isingekuwa ule uvimbe. Zamani alipolala chali ulirudi ndani wenyewe. Siku hizi ulitaka kubembelezwa, na daktari hakuwa amezunguka mbuyu: siku utumbo ukinasa pale ukakosa damu, hakutakuwa na kupanga tena, itakuwa ni kufa na kupona. Alikuwa amempa nafasi ya upasuaji Alhamisi. Siku aliyomkimbia ilikuwa Jumanne.

Jioni nilimkuta sebuleni, mahali pa kazi yake. Sebule yetu ni kiwanda kuliko changu: mashine ya kufumia ya mkono mezani, masweta ya shule yamepangwa kwa ukubwa hadi usawa wa dirisha, nyuzi za bluu hadi kwenye sukari. Alikuwa akivuta mkono wa mashine, kwenda na kurudi, mara akasimama. Uso ulimjaa jasho. Akajilaza kwenye kochi juu ya masweta ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akaanza kuusukuma uvimbe kwa kiganja.

Haukurudi. Akapumua, akajaribu tena, na tena haukurudi. Nilisimama na glasi ya maji mkononi, nikihesabu kichwani nani mtaani ana gari. Sijawahi kuogopa vile. Mwishowe kitu kikagugumia ndani na uvimbe ukateleza ukaingia.

"Umeona?" alisema kwa sauti ndogo. "Umerudi."

"Mama, utakufa kwa ubishi."

"Bora ubishi kuliko nyuzi."

Sijui nani alinitia maneno mdomoni. "Basi njoo ukikate mwenyewe!" nilimfokea. "Njoo kiwandani kesho na mkasi wako. Ukikifumua, sitakutajia hospitali tena mpaka naingia kaburini. Ukishindwa, Alhamisi unalala kwenye meza ya daktari."

Mama akainuka akaketi. Macho yake, jamani! Yalikuwa ya mtu aliyealikwa harusini.

"Na ndoano yangu naruhusiwa?"

"Njoo na sanduku zima."

Nilikuwa nimeahidi bila kumuuliza mwenye mamlaka. Msimamizi wetu tunamwita Mpole kwa kuwa si mpole hata kidogo, na asubuhi nilipomweleza alinguruma mpaka kalamu ikamtoka mfukoni. Kisha akauliza mama yangu anafuma kwa mashine ya aina gani. Nilipomwambia, akajikuna kidevu. "Mlete wakati wa mapumziko. Chumba cha mashine haingii, ataangalia kwenye kioo. Nitampa kipande kilichodondokewa na mafuta, kile hakiendi popote."

Mama alikuja amevaa gauni lake la kutokea. Mkasi wa kukatia vitambaa ulikuwa umefungwa kwenye taulo kwenye mkoba, na ndoano ndogo ya kunasia vitanzi vilivyodondoka ameichomeka kwenye kilemba. Alimsalimia Mpole kwa adabu zote, Mpole akamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo.

Nikampeleka kwenye kioo. Ndani, wenzangu wawili walikuwa kazini, kofia na barakoa, macho tu. Juu ya mashine nyuzi za plastiki zilishuka kutoka kwenye rola, nyembamba, zinang'aa, pazia zima la nyuzi, na chini yake sindano zikapanda zote kwa pamoja, zikashuka zote kwa pamoja, na wavu ukateremka polepole upande wa pili. Mama aliibandika pua kwenye kioo.

"Zinapanda zote mara moja?"

"Zote."

"Na ule uzi unaotembea mstari mzima uko wapi? Siuoni."

"Haupo. Kila sindano ina uzi wake."

Akageuka akanitazama. "Kila moja?"

"Kila moja, mama."

Akarudisha pua kwenye kioo, na mdomo wake ukaanza kucheza, kama anapohesabu vitanzi.

Kwenye mkahawa wa kiwanda Mpole alimkabidhi kipande chenye doa, na habari zilikuwa zimeshaenea, maana meza ilizungukwa kabla mama hajafungua taulo. Akaunyoosha wavu mezani, akaupima kwa shubiri, akakata moja kwa moja katikati. Akashika kingo mbili, akavuta.

Hakuna kitu. Vijinyuzi viwili vitatu vilidondoka kwenye ukingo, basi.

"Vuta, mama!" akapiga kelele msichana wa kufungasha.

"Nyamaza, navuta!" Akavuta kwa marefu, akavuta kwa mapana. Akatoboa tundu katikati, akaingiza vidole viwili, akalipanua, akasubiri mstari ule unaokimbia kwenye sweta. Haukukimbia. Akachomoa ndoano kilembani. Hapo moyo ulinidunda, kwa sababu mkono wa mama ukiwa na ndoano ile hauna simile. Akanasa kitanzi, akakivuta; kikaja kidogo, kikajikaza, kikagoma. Akanasa cha jirani yake, nacho kikagoma. Jasho likamtoka. Watu walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Mwisho akakamata ukingo kwa meno, na Mpole mwenyewe akapiga meza, "Ng'ata, mama, ng'ata!"

Mama akakitema.

"Hakiachii," alisema. Halafu akasimama wima, akakiinua juu. "Jamani, hakiachii!"

Mkahawa ulilipuka. Yeye alikuwa ameshindwa, lakini ndiye aliyecheka kuliko sote, mkono mmoja umeshika tumbo, na mimi nilikuwa naruka kama mtoto. Nikamweleza juu kwa juu, kwenye zile kelele: sweta ni uzi mmoja unaotembea peke yake, ukiukata umeua mstari. Huku, kila uzi unapinda kwa jirani wa kulia, unarudi kwa jirani wa kushoto. Ukiukata mmoja, majirani wameushika. Kabla sijamaliza, mama alikuwa ameshawageukia wafanyakazi wenzangu na kuwaeleza kazi yao wenyewe, kwa mikono, kana kwamba kaigundua yeye.

Kisha akakunja uso. Nilijua tu.

"Lakini mbona mmeacha matundu makubwa hivi? Ningekuwa mimi ningekaza."

"Matundu ndiyo dawa yenyewe, mama. Nyama yako itapenya humo, ikue, ishikamane na wavu. Ukikaza sana, unakuwa mgumu, unakuwa kama umevaa kadibodi tumboni."

Akapitisha kidole juu ya wavu, taratibu, tundu kwa tundu. Kelele zilikuwa zimepungua.

"Kwa hiyo nyie mnaanza," alisema, "halafu mimi namalizia kufuma?"

"Wewe ndiye unayemalizia."

Akaufunga mkasi kwenye taulo. "Hiyo Alhamisi," akaniuliza, "niwe pale saa ngapi?"

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho muda wote, Mungu awasaidie. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, na ile furaha ya kiwandani yote ilikuwa imeniishia. Nilikuwa nimeliona boksi la wavu likiingia, na namba ya mzigo iliyoandikwa juu yake ilikuwa ya mashine yangu. Nikawa nakumbuka kila siku niliyofika kazini nimenuna, nikijiuliza kama kuna kitanzi nilichokosea. Mlango ulipofunguliwa daktari alitoka akitikisa kichwa.

"Mama yako ameomba kuuona wavu kabla sijauweka, akakagua ukingo kwa macho, halafu akaniambia mkasi wangu butu." Akacheka. "Kila kitu kimekwenda sawa kabisa."

Nilimkumbatia daktari wa watu. Hakutegemea.

Wodini mama alikuwa amelazwa chali, mto mdogo juu ya tumbo wa kukumbatia akikohoa. Nikavuta kiti. Nikaanza kumsifu, nikaanza kujisifu, nikazungumza bila kituo, mpaka akainua kidole.

"Unajua hili tundu lilianza lini?"

"Si ulisema ni kubeba marobota ya nyuzi?"

"Nilidanganya. Ni wewe. Ulikuwa mkubwa, umekaa vibaya, nikakusukuma tangu jua linachomoza mpaka linazama. Wewe ukatoka, na kitovu nacho kikatoka."

Miaka yangu yote alikuwa ameubeba tumboni ule uvimbe, na mimi juzi nilikuwa nimemfokea kwamba atakufa kwa ubishi.

"Usilie, mgonjwa ni mimi," alisema. "Nisingekwambia kamwe, maana ungelibeba moyoni. Nimekwambia sasa kwa sababu limezibwa, tena kwa kazi ya mikono yako. Basi. Yamekwisha."

Nililia hata hivyo, kwa kelele, uso wangu kwenye shuka lake, na yeye akawa ananipapasa kichwa na kuninyamazisha, mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza ni nani kati yetu aliyepasuliwa.