Sikio la Juu

Niliogopa tangu Sista alipotaja patasi. Wanaosema hofu ni ya watoto hawajawahi kusimama karibu na kichwa cha mtu kinachochongwa, na mimi sina nafasi ya kubishana nao. Nilikuwa na mtoto nyumbani, Nassibu, ananyonya, ndiyo kwanza anaota meno. Kila nilichokivuta puani mle chumbani ningempelekea yeye.

Ilikuwa miaka ile Waingereza walipofyeka mapori ya Nachingwea ili wapande karanga. Hospitali yetu ya misheni ilikuwa chini ya mwinuko wa Rondo, na chumba cha upasuaji kilikuwa na watu watatu. Sista Magdalena, mtawa wa Kizungu, ndiye aliyekuwa daktari. Klementi, Mmwera, alitoa dawa ya usingizi. Wa tatu ni mimi, Mwanaasha, Mmatumbi wa Kilwa, mkunga niliyehamishiwa pale baada ya Emerensiana kufa.

Huyo Emerensiana alikuwa ameshika beseni chini ya sikio la mzee mmoja mwenye kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa. Kila nyundo ilipogonga patasi, mfupa ulitoa unga na matone. Joto lilikuwa kali, akashusha kitambaa cha usoni hadi shingoni. Miezi kadhaa baadaye akaanza kukohoa, kisha ikawa damu, na tukamzika kabla mikorosho haijachanua. Sista alisema hakuna awezaye kuapa kwamba aliupata pale, maana hospitali nzima inakohoa. Lakini baada ya mazishi alibadilisha kila kitu. Tulishona vitambaa vya shashi vya kukunjwa mara nyingi, vya kufunika tangu juu ya pua hadi kidevuni, na tukavichemsha kila baada ya kazi. Meza ikawekwa kati ya madirisha mawili ili upepo utoke migongoni mwetu, upite juu ya mgonjwa, utokee upande wa pili. Tukasimama kama wanavyosimama wapepetaji, makapi yasiwarudie. Unga wa mfupa tuliufuta kwa shashi mbichi. Na kitambaa cha usoni kikilowa kilibadilishwa papo hapo, kwa sababu kitambaa kilicholowa hakizuii kitu.

Mimi nikawa kadhi wa vitambaa. Sista miwani yake ilipofanya ukungu na akataka kuiacha pua wazi, nilimkoholea hadi akaifunika. Klementi alinisumbua zaidi. Alisema Mmatumbi huyu atazikwa na kitambaa usoni asije akamwambukiza malaika Munkari kaburini. Nikamwambia pua ya Kimwera haitoshi kwenye shashi, ataletewa gunia. Tulikuwa watani, kwa hiyo hakuna aliyeudhika, ila nilihakikisha pua imeingia ndani.

Ndipo akaja Biasha kutoka Kinjumbi, amembeba binti yake Kibibi, mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka tu. Nyuma ya sikio la kulia palivimba na kutoa usaha wenye harufu. Bibi yake alikuwa amekufa kwa kukohoa. Sista aliutazama usaha kwenye darubini akanyanyuka, akataja patasi, na mimi nikajua ni kifua kikuu. Mfupa ulikuwa lazima uchongwe kabla ugonjwa haujafika kwenye ubongo. Sindano wanazochoma siku hizi zilikuwa bado hazijatufikia.

Biasha alikubali yote bila kuuliza. Mlangoni, tulipokuwa tunamwingiza mtoto, akanishika mkono.

“Mama Nassibu, humo ndani Mwislamu ni wewe peke yako. Mwanangu akianza kwenda, mlakinie. Asiondoke bila shahada sikioni.”

Nikamwitikia. Nani angemkatalia mama jambo hilo? Kwetu mtu akiwa anakata roho, hata jirani mliyegombana naye huacha jembe shambani akaja kumsomea. Tena niliona ni jambo jepesi, nitayasema maneno nikiwa na kitambaa changu usoni, basi. Sikuwa nimefikiria habari ya masikio.

Kibibi alilazwa ubavu. Sikio zima lilikuwa chini, limekandamizwa kwenye mfuko wa mchanga ili kichwa kisitikisike. La juu ndilo lililofunguliwa. Sista akaanza kugonga, mimi nikafuta, Klementi akadondosha dawa yake kwenye shashi iliyofunika pua ya mtoto. Unga mweupe ulipanda kidogo kwenye mwanga wa dirisha, upepo ukauchukua kwenda upande wa pili, na kila ulipopanda nilibana pumzi. Nilifuta kwa mkono ulionyooka, mwili nimeurudisha nyuma, hadi Sista akaniambia nisogee, hakuna anayefuta akiwa mlangoni.

Klementi akasema, “Sista, hapumui vizuri.”

Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi. Klementi akatupa shashi yenye dawa, akavuta taya mbele, akaanza kubonyeza kifua. Sista akainua patasi na kusema kichwa kisigeuzwe hata kidogo, maana kati ya shimo lile na ubongo palibaki ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Klementi hakuwa na utani wowote. Kule nje Biasha alisikia nyundo imenyamaza. Akaita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Ahadi ni deni, kila mtu anajua kulisema. Nilitazama pa kuweka mdomo wangu. Palikuwa na sikio moja tu, lile la juu, na nyuma yake shimo lenye usaha na unga wa mfupa. Upande wetu Sista alikuwa ameziba, kwa hiyo kulifikia ilibidi nizunguke meza, nitoke upande wetu, nikasimame kule upepo unakoelekea.

Nilimchukia Biasha. Nilimchukia kwa kunishika mkono mimi, na nilimchukia mtoto kwa kuchagua saa ile. Nikajaribu kusoma shahada pale pale niliposimama. Kitambaa kikayameza maneno; hata mimi sikujisikia. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi sikuwahi kutaka ushujaa. Miguu yangu ikazunguka meza.

Sista aliniona. “Mwanaasha, usikishushe.”

Sikukishusha. Niliinama hadi shashi ikagusa sikio, nikasoma kwa sauti ya kumfikia. Nikasoma tena. Nilihisi ubaridi midomoni, kitambaa kilikuwa kinanyonya usaha kutoka kwa mtoto. Kilikuwa kimelowa, na nilijua maana yake kuliko mtu yeyote mle ndani. Nikasoma mara ya tatu. Katikati ya maneno Kibibi akakohoa, kikohozi cha mwili mzima, na vitu vikanirukia mashavuni na machoni. Kisha akavuta pumzi, akavuta nyingine.

“Ashukuriwe Mungu,” alisema Klementi.

Sista alinituma nikanawe uso, nibadilishe kitambaa, nirudi. Nilijisugua kwa sabuni hadi ngozi ikawaka moto, nikarudi, tukamaliza.

Biasha alikuwa ameshaambiwa kwamba binti yake yu hai. Swali lake kwangu lilikuwa moja tu, kama nilimsomea. Nikasema nilimsomea. Akainama anibusu mikono, nikaikwapua, nikamwambia asiniguse. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Sikuwa na adabu iliyobaki siku ile.

Nilimfuata Sista nikamuuliza nitajua lini.

“Miezi,” alisema. “Huenda hukupata kitu.”

“Na ninayemnyonyesha?”

“Ugonjwa haumo kwenye maziwa. Umo kwenye pumzi.” Akafungua kabati, akanipa vitambaa safi, vingi kuliko nilivyoomba. Wingi ule ulinitisha kuliko maneno yake.

Nilifika nyumbani alasiri. Nassibu akaja akitambaa, na maziwa yalikuwa yameshalowesha kanga yangu. Nilijifunga kitambaa, nikakikaza kwa mafundo mawili, nikakaa kizingitini nikampakata. Hakuona mdomo wa mama yake. Alipiga kelele akajikunja nyuma, akalikataa titi. Mama mkwe akatoka jikoni akauliza ni nani amekufa. Nilikuwa namwimbia mtoto ndani ya shashi hadi akaitambua sauti, akashika titi, akanyonya huku macho yake yamekitazama kitambaa.

Aliposhiba nusu akainua mkono akakishika upindo, akavuta. Nikamshika mkono. Akafikiri ni mchezo, akavuta kwa ule mwingine. Nikaishika yote miwili, nikageuza uso pembeni, nikabana pumzi mpaka alipoachia titi.